Kabla ya Kulipa Salio, Rudini Mkaione Nyumba

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia kwenye semina ya siku moja. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.

Asanteni kwa kuja na barabara hii ya matope. Wale wa ng'ambo ya mto nimesikia mlivua viatu mkavuka. Poleni sana.

Leo niliombwa niongee juu ya kuweka vitabu vya hesabu. Hayo nitayaongea siku nyingine, mniwie radhi. Jana jioni mwenyekiti wa kikundi kimoja kilichoko hapa ndani alinijia akaniambia, "Madam, Alhamisi ijayo tunamaliza kulipa ile nyumba. Wakili ametupa saa nane mchana." Nikafurahi, nikampongeza. Kisha nikamwuliza, "Mara ya mwisho mliiona lini?" Akafikiri kidogo. Akasema, "Mwezi wa kwanza." Sasa tuko mwezi wa tano. Nilienda nyumbani, sikulala vizuri.

Wacha niwaambie kwa nini sikulala.

Mwaka wa 2016 nilikuwa nikisaidia kikundi cha akina mama 24. Sitataja jina lao wala kijiji chao, na kama kuna anayewajua hapa, tafadhali anyamaze tu. Kila mama alikuwa akichanga shilingi 200 kwa wiki. Pigeni hesabu: 24 mara 200 ni 4,800 kwa wiki, na kwa mwaka ni karibu 250,000. Walichanga miaka miwili na miezi saba bila kugawana hata senti moja. Krismasi zilipita watoto hawana nguo mpya, na mabwana wengine wakisema hicho kikundi chenu ni cha kula chai. Wao walikuwa wanataka nyumba yenye kiwanja cha robo ekari karibu na soko, mahali pa kuweka mashine ya posho na vyerehani. Wakaipata. Vyumba vitatu na jiko la nje. Mwenyewe aliitaka shilingi 650,000.

Mwezi wa kwanza tukaenda kuiona. Jua lilikuwa kali, ua umefagiliwa, kuta zimepakwa rangi. Mzee mwenye nyumba, mtu mpole, akatutembeza. Tukahesabu vyumba. Tukaona tangi la lita 3,000 pembeni, jiko lenye mabati mazuri, mikaratusi saba mikubwa kwenye mpaka. Mama mmoja akafungua bomba, maji yakatoka, tukapiga makofi. Tukatia sahihi mapatano, tukalipa asilimia 10, yaani 65,000. Bodi ya ardhi ikakaa mwezi wa nne ikatoa kibali. Mwezi wa tano wakili akasema makaratasi yako tayari, leteni salio. Salio lilikuwa 585,000.

Mweka hazina akaniuliza, "Madam, tusirudi tukaione kwanza?" Pikipiki kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 300. Mimi, mwenye diploma yangu, nikamjibu, "Ya nini kupoteza nauli? Nyumba haina miguu." Akina mama wakacheka. Wakalipa.

Wiki moja baadaye tukaenda na ufunguo. Nyumba haikuwa na miguu, kweli, lakini mabati ya jiko yalikuwa nayo. Mabati 12 yameng'olewa, zimebaki kenchi tupu. Tangi hakuna, pamebaki jukwaa la mawe. Mlango wa nyuma umetolewa pamoja na fremu yake. Mikaratusi yote saba ni visiki. Katika chumba cha mwisho tukamkuta fundi cherehani, kijana mstaarabu kabisa, akatuonyesha karatasi kwamba amemlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita mbele, tangu mwezi wa tatu. Na mvua ya usiku ule ilikuwa imeshuka kutoka barabarani, ikaingia mlango wa mbele, ikapita sebuleni, ikatokea mlango wa nyuma ambao haupo. Alama ya matope ukutani ilifika hapa, chini kidogo ya goti langu. Ile haikuwa alama ya mvua moja. Mwezi wa kwanza ilikuwa imepakwa rangi, nasi tuliona ukuta mpya tukasema huyu mzee anaitunza nyumba yake.

Tukamwendea mzee. Hakuwa mwizi, nataka mnielewe hapo. Alituambia, "Mama, mlinunua nyumba na kiwanja. Tangi lililetwa na mtoto wangu. Miti niliipanda kwa mkono wangu. Mabati niliyahitaji kule ninakohamia, na jiko hamkuliuliza." Tukafungua mapatano. Yalisema "nyumba na kiwanja". Basi. Hakuna neno tangi, hakuna neno jiko, hakuna neno mpangaji.

Kununua mabati na mlango, na kuchimba mtaro wa kugeuza maji ya barabara, kulikula shilingi 47,000. Akina mama wakarudi kuchanga wiki kumi nyingine. Mweka hazina hakuniambia neno lolote, hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa mtu mwenye kujua sheria ataniambia, madam, mzee alikosea. Kwa kawaida kitu kilichojengwa kikashikamana na ardhi huenda pamoja na ardhi. Mabati ya jiko, mlango, hata miti iliyosimama. Ni kweli. Lakini pesa zikishatoka mkononi, sheria ni safari ya kortini, na korti nayo ina nauli yake. Kabla pesa hazijatoka, jambo hilo hilo ni maneno ya nusu saa chini ya mti. Tofauti ya hizo mbili ni siku mliyoenda kuangalia. Hiyo ndiyo mada yangu ya leo: lini.

Najua wengi wenu mtasema, sisi tumefanya serchi. Vizuri sana, na asiyefanya serchi asinunue hata kuku. Lakini serchi inakuambia kilichoandikwa kwenye sajili siku ile ilipofanywa. Haikuambii ni nani analala ndani ya nyumba. Haikuambii kama jirani ameanza kupitisha ng'ombe wake katikati ya shamba. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012, kifungu cha 28, yenyewe inasema kuna haki zinazoifuata ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye sajili. Ndani yake mna haki ya kupita njia, haki ya maji, amana za kimila, na haki ya mtu ambaye ameikalia ardhi mpaka sheria ya muda inaanza kumtambua. Muda huo kwetu ni miaka 12. Mtu aliyekaa miaka 12 waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe na bila kufukuzwa, anaweza kwenda kortini kuiomba ile ardhi iwe yake. Mpangaji anayelipa kodi si huyo, maana yeye amekaa kwa ruhusa. Lakini mtajuaje ni yupi kama hamkumkuta na kumwuliza?

Na mwezi wa nne mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilisema wazi kwamba taito peke yake haimkingi mnunuzi kama ardhi yenyewe hapo mwanzo ilitolewa bila kufuata sheria. Kwa hiyo msilale juu ya karatasi. Karatasi na udongo vinatakiwa kusema neno moja.

Haya, lini? Mimi nasema kikundi kiende mara tatu. Mara ya kwanza ni kabla ya mapatano, kila mtu anajua hiyo. Mara ya pili ni pamoja na sovea, kutafuta mawe ya mpaka, na hiyo mkiweza iwe kabla ya kwenda bodi. Mara ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo nimekuja kuisema. Ni ile ya mwisho kabisa, mwenye nyumba akiwa ameshatoka na salio likiwa bado halijatoka. Shikeni hayo mawili pamoja. Ameshatoka. Halijatoka.

Ukienda yeye angali ndani, hujaona kitu. Kabati limefunika ufa ukutani, mkeka umefunika sakafu iliyobomoka, na kila kitu unachokiona bado anaweza kukibeba kesho. Ukienda baada ya kulipa, unaona kila kitu lakini huna la kufanya. Kati ya hizo mbili kuna nafasi ndogo, pengine siku moja, pengine asubuhi moja tu. Marekani wanunuzi wa nyumba wana desturi hiyo, na mara nyingi huifanya ndani ya saa 24 kabla ya kutia sahihi ya mwisho. Ni watu wenye mawakili na bima na benki, lakini bado wanarudi kufungua mifereji na kuwasha taa kwa mikono yao. Sisi tusio na bima tunasema nyumba haina miguu.

Najua kuna swali hapa. Muuzaji atasema, "Nitatokaje kabla sijalipwa? Nitalala wapi? Na mkigeuka?" Ana haki kuogopa. Mara nyingi anauza kwa sababu ya shida, na ile pesa ndiyo anangojea anunue pengine. Msimcheke. Dawa yake iwekwe kwenye mapatano tangu mwanzo, si siku ya mwisho. Pesa zikae kwa wakili, wakili wenu amwandikie wakili wake ahadi kwamba zipo na zitatoka, na muuzaji aone kwa macho kwamba zipo. Kisha yeye ahame, nyinyi mkague, pesa zitoke. Akishindwa kabisa kuhama kwanza, basi mwache sehemu ya salio nyuma, tuseme sehemu moja ya kumi, ambayo atapewa siku atakapotoa ufunguo na nyumba iko tupu. Mtu aliyebakiza shilingi 60,000 hang'oi mlango.

Na mapatano yenyewe yawe ya maandishi. Kwa Sheria ya Mikataba, mapatano ya ardhi ambayo mtaweza kwenda nayo kortini ni yale yaliyoandikwa, yakatiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi ikashuhudiwa na mtu aliyekuwepo. Maneno ya mdomo mbele ya mzee wa kijiji, hata akiwa mzee wa heshima namna gani, hayatoshi. Andikeni humo: nyumba itolewe tupu, bila mtu na bila mali ya mtu. Andikeni kila kitu kinachobaki, tangi, mabati, milango mingapi, miti mingapi, bomba, mita. Andikeni mazao pia. Kama kuna mahindi shambani, ni ya nani, na yatavunwa mpaka tarehe gani? Nimeona watu wakigombana vibaya juu ya magunia manne ya mahindi kuliko juu ya ekari yenyewe. Na andikeni kwamba mtakagua siku moja kabla ya salio, tena muuzaji awepo. Mkiisha kuliandika hilo, hakuna atakayesema mnamtilia shaka siku ile mnapokuja.

Siku na saa nazo zina akili yake. Msiende jioni. Jioni kila nyumba ni nzuri, giza linaficha ufa na adabu inawazuia kumsumbua mtu wakati wa chakula. Nendeni saa nne asubuhi. Msipange kulipa Ijumaa alasiri, maana mkiona kasoro hamna siku ya kuirekebisha, ofisi zimefungwa, na kila mtu anawaambia malizeni tu. Ukaguzi uwe Jumatatu mpaka Jumatano, malipo kesho yake. Kama pahali ni mbali, msikague asubuhi na kulipa mchana huo huo, kwa sababu mtakimbizana na gari na kukimbia ndiko kunakofanya macho yasione.

Siku ya soko nayo si nzuri, majirani hawapo. Na mimi majirani nawahesabu kama serchi ya pili. Mama anayekaa ng'ambo ya ua anajua maji hupita wapi, anajua nani alizikwa wapi, anajua yule kijana wa chumba cha nyuma ni mpangaji au ni mtoto wa mke wa kwanza. Yeye hatakwambia mkiwa umati. Mtumeni mtu mmoja akaombe maji ya kunywa.

Juu ya mvua, kama mliiona mara ya kwanza wakati wa kiangazi, jitahidini ya mwisho iangukie baada ya mvua. Hamwezi kuiamuru mvua, najua, lakini mkichelewa siku mbili ili inyeshe, muuzaji hatakufa. Ile nyumba ya akina mama wangu ingejisema yenyewe asubuhi moja tu ya mwezi wa nne. Angalieni chini ya kuta, angalieni kama rangi ni mpya upande mmoja tu, angalieni dari pembeni. Angalieni maji ya barabara yanaelekea wapi.

Choo cha shimo kifungueni, mwangaze kwa tochi. Watu wengi huona aibu. Choo kilichojaa ni kazi ya kuchimba kingine, na pengine kiwanja hakina nafasi yake bila kusogelea kisima.

Mita ya stima, andikeni namba yake na jina lililo kwenye akaunti. Kisha nunueni tokeni ya shilingi 100 mkiwa hapo hapo, mwone kama inaingia na kama taa zinawaka. Ni ukaguzi wa shilingi 100, hakuna ulio rahisi kuliko huo. Maji vilevile, fungueni kila mfereji, mwulize bili ya mwisho. Madirisha, vitasa, mabati, hayo mnayajua.

Mawe ya mpaka yahesabuni tena hata kama sovea alikuja. Ua hutembea, hasa ua wa miti. Kung'oa au kusogeza alama ya mpaka ni kosa la jinai, lakini yule aliyesogeza usiku hakuacha jina. Chukueni futi kamba mpime. Na hapa niseme kidogo: robo ekari kamili ni futi za mraba 10,890. Ile mnayouziwa kama robo, 100 kwa 100, ni 10,000. Si wizi mkubwa, imekuwa mazoea, lakini jueni mnanunua nini, na namba iliyo kwenye taito ndiyo mfuate.

Makaburi. Mwulize mke wa muuzaji, si muuzaji peke yake. Tena mke awepo siku zote tatu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mume auze mali ya ndoa bila mke kukubali, na hata kama isingekuwepo sheria hiyo, mke asiyetaka nyumba iuzwe mtamjua kwa uso wake siku ya kuhama. Mkiona machozi, simameni muulize. Kikundi kimoja kiliuliza, kumbe bodi haikumwona mama yule kabisa, alisimama mwanamke mwingine.

Wiki hiyo hiyo ya ukaguzi, rudieni serchi. Ile ya mwezi wa kwanza imezeeka. Katikati hapo mtu anaweza kuweka kosheni, au muuzaji akachukua mkopo juu ya taito. Nanyi vilevile mnaweza kuweka kosheni yenu baada ya kutia sahihi mapatano, ili asiuze mara mbili. Mwambieni wakili, si kazi kubwa.

Juu ya bodi, nitasema moja tu kwa sababu inahusu wakati. Kwa ardhi ya kilimo iliyo chini ya bodi, maombi ya kibali yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano. Ikipita bila maombi, mapatano hayana nguvu, isipokuwa korti iwaongezee muda, na mtabaki kudai pesa zenu kama deni la kawaida. Kwa hiyo msichelewe bodi mkisema mnangoja kuchanga. Na wakati mnachanga, kumbukeni ushuru wa stempu: asilimia 2 kijijini, asilimia 4 mjini. Wale akina mama kwa 650,000 walilipa 13,000 ambazo hawakuwa wamezipanga. Huo nao ulikuwa uzembe wangu.

Mkikuta kasoro mfanye nini? Kwanza msipige kelele. Pili, mpige picha, simu zenu zina kamera na mnazitumia kupiga picha harusi. Tatu, kaeni chini na muuzaji, mwandike: hiki kimeondolewa, kile kimevunjika. Ama akirudishe kabla ya kesho, ama bei ipunguzwe kiasi fulani, ama wakili azuie kiasi hicho mpaka kirekebishwe. Pande zote zitie sahihi. Mpigieni wakili mkiwa hapo hapo, si jioni. Kama ni kasoro ndogo, kioo kimoja, kitasa, wacheni. Nimewahi kuona ununuzi mzima ukivunjika kwa sababu ya kioo cha shilingi 250, na nyumba ikaenda kwa mtu mwingine. Kama ni mtu ndani ya nyumba ambaye hamkuambiwa habari zake, hapo msilipe. Hata wakili akisema haraka, hata muuzaji akisema ana mgonjwa. Mgonjwa akipewa 20,000 za dharura katika salio na kuandikwa, sawa. Lakini salio lote lingoje.

Mkimaliza kukagua na kila kitu ni sawa, msifunge mlango mkaenda nyumbani wote. Wabaki watu wawili walale pale mpaka pesa zilipwe, wakiwa na kufuli yenu wenyewe, na muuzaji awe ameambiwa. Tangu ule mwaka sijaruhusu kikundi changu kufanya vingine. Mabati hung'olewa usiku mmoja.

Mama mmoja aliniuliza wakati wa chai, "Twende wote 30?" Hapana. Mkienda wote mtakuwa kwenye sherehe, na mtu akiona kasoro ataona haya kuisema. Nendeni wanne. Mweka hazina, kwa sababu pesa ziko kwake na atakuwa na hofu, na hofu siku hiyo ni kitu kizuri. Fundi wa nyumba mmoja, hata mkimlipa 500. Mmoja aliyekuwepo mara ya kwanza na daftari la vitu mlivyoviona. Na yule mwanachama wenu anayependa maneno, kila kikundi kina mmoja, huyo ndiye wa kutumwa kwa majirani.

Mzee wa pale nyuma aliuliza vipi yule fundi cherehani. Alikaa mpaka mwezi wa nane, muda wake ulipoisha. Kodi yake alikwisha kumlipa mzee, kwa hiyo kikundi hakikupata kitu miezi hiyo. Baadaye akaomba abaki, akaanza kuwalipa wao 800 kwa mwezi. Na yeye ndiye aliyewafundisha mama watatu kushona sare za shule. Mashine ya posho ilikuja mwaka uliofuata. Mtaro bado uko, ukipita njia ile mtauona.

Sasa nimechukua muda mwingi na chakula kimeiva. Mwenyekiti wa kikundi cha Alhamisi, usiende kula kabla hatujaonana. Leo ni Jumamosi. Muuzaji apigiwe simu leo jioni aambiwe nyumba iwe tupu ifikapo Jumanne. Wakili apigiwe Jumatatu saa mbili, aulizwe serchi mpya na aelezwe kwamba tunakagua Jumatano saa nne. Nauli ya pikipiki mbili iko, mimi nitalipa moja. Niletee nakala ya mapatano tuisome pamoja, na uniitie yule mama mwenye daftari la mwezi wa kwanza. Na mtafute watu wawili wasio na watoto wachanga, wenye blanketi nzito.